Injini Inayozima Ikishapata Joto: Shajara ya Kigari cha Gofu, Takaungu

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Kigari kimefika. Kimetoka Diani juu ya pikapu, kikavuka Likoni kwa feri, na saa kumi jioni kilikuwa chini ya mwembe wetu, watoto wa mtaa mzima wamekizunguka. Hoteli moja ya huko kusini ilikuwa inauza vitu vyake chakavu: viti vya ufukweni, majokofu, na vigari vitatu vya gofu vilivyokuwa vikibeba mizigo ya wageni. Viwili vya betri viliondoka mapema. Hiki cha petroli hakikutakiwa na mtu kwa sababu iliyoandikwa kwa chaki kwenye kiti: "Hakiwaki." Nimelipa shilingi 65,000.

Sababu ya kukinunua ni Mama. Kisima chetu cha shambani maji yake yana chumvi, yanafaa kuoshea na kumwagilia tu. Ya kunywa anayafuata bombani, karibu kilomita moja na nusu, kwa wilibaro, mitungi miwili ya lita 20 kila safari, na goti lake la kushoto halimruhusu tena. Mimi nipo Mombasa siku za kazi. Boda boda wanampelekea, lakini siku ya mvua hawaji, na siku ya mnazi kuangushwa bado nazi zinabebwa kichwani.

Kibati cha namba kilichopo karibu na pedali kinaanza na AG9622. Kwa Club Car, kampuni iliyokitengeneza, hizo herufi na tarakimu zinasomeka: AG ni modeli ya DS ya petroli, 96 ni mwaka 1996, na 22 ni wiki ya 22 ya mwaka huo. Kwa hiyo kina miaka 29. Injini ni Kawasaki FE290, silinda moja, sisi (cc) 286, inapozwa kwa upepo, na valvu, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, ziko juu kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha silinda. Jambo lililonipa moyo ni chasi. Club Car wanatumia alumini, si chuma, na ndiyo maana baada ya miaka yote hiyo ya upepo wa bahari chini hakujaoza. Bolti za chuma zilizopita kwenye alumini hiyo ndizo zilizoliwa na kutu, na naona hizo zitanitoa jasho.

Jumapili, 6 Aprili

Kabla ya kushika spana nilikaa na kueleza kwenye karatasi kigari hiki kinawakaje, maana hakiwaki kama pikipiki wala kama gari. Hakuna kuzungusha ufunguo mpaka stata ilie. Ufunguo unaruhusu tu. Ukikanyaga pedali ya mafuta, swichi ndogo zilizo ndani zinafunga, solenoidi, swichi kubwa ya sumaku, inapeleka umeme wa betri kwenye stata, na stata inazungusha injini kwa mkanda. Injini ikishashika, stata ileile inageuka kuwa jenereta na kuichaji betri. Ukiondoa mguu, injini inazima. Hakingurumi kikiwa kimesimama hata sekunde moja. Kwa hiyo kila unapokanyaga, kinawaka upya, na kila hitilafu ndogo ya umeme inaonekana kana kwamba injini ndiyo mbovu.

Nimeweka betri mpya ya volti 12. Nikakanyaga: tak! Solenoidi imeita, stata haikuzunguka. Nilipima volti kwenye betri, 12.6. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye mwili wa injini, nikamwambia binamu akanyage. Mita ikasoma volti 4. Hapo hapatakiwi kuwa na zaidi ya sehemu ndogo ya volti moja. Waya wa negativu ulioshikwa kwenye chasi ulikuwa na unga mweupe na wa kijani chini ya nati. Tumeufungua, tukapiga msasa mpaka shaba na alumini vikang'aa, tukapaka grisi, tukafunga. Stata imezunguka kwa nguvu.

Cheche hakuna. Nilichomoa plagi, nikaigusisha kwenye injini, tukakanyaga: giza. Plagi mpya: giza vilevile.

Injini hii inajitengenezea umeme wa cheche kwa sumaku za gurudumu lake, haitegemei betri. Kinachoizima unapoondoa mguu ni waya mmoja unaoipeleka koili, kifaa kinachotoa cheche, kwenye mwili wa kigari. Waya huo ukigusa chasi mahali popote, ni sawa na mguu wako kutokuwa kwenye pedali. Nimeuchomoa kwenye injini, tukakanyaga tena, na cheche ya buluu ikaruka na sauti yake, tap-tap-tap. Koili nzima. Nikaufuata waya kwa mkono kutoka injini hadi mbele, na chini ya kiti nikakuta panya ameula, shaba imelala juu ya alumini.

Nimebadilisha kipande chote, si kufunga tepu. Tepu kwenye joto na unyevu wa huku hukaa miezi miwili tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya mafuta. Petroli iliyokuwa tangini ilinuka kama vanishi na rangi yake imekuwa ya chai ya rangi. Tangi ni la plastiki, halina kutu, lakini chini lilikuwa na utando. Nimelitoa, nimelisuuza mara tatu, nikaliacha juani.

Pampu ya mafuta ya injini hizi haina umeme wala haisukumwi na mkono wa chuma. Pistoni ikipanda na kushuka inavuta na kupuliza hewa ndani ya krenki kesi, chumba kilicho chini ya pistoni, na mpira mdogo unaleta mipigo hiyo hadi kwenye pampu, ambako kuna ngozi laini inayocheza na kusukuma petroli. Ngozi yangu ilikuwa ngumu kama ya ngoma, na mpira wa mipigo umepasuka pale unapoingia. Pampu ya mfano huo yenye midomo mitatu (kuingiza, kutoa na mipigo) nimeipata mjini kwa shilingi 1,400. Mpira nimetumia wa mafuta ya boda boda, na filta pia ni ya boda boda. Inafaa kabisa, na nikihitaji nyingine naipata hapa hapa kituoni.

Kabureta imefunguliwa yote. Jeti ndogo, kipande chenye tundu la kupitishia petroli, ilikuwa imeziba. Nilipoiinua juani sikuona tundu. Nimeiloweka kwenye thina usiku kucha, nikaizibua kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba. Si kwa pini ya chuma, maana tundu la jeti ukilitanua kidogo tu umeharibu kipimo chake. Floti, boya la ndani ya kabureta, haina maji ndani. Oili mpya, karibu lita moja.

Saa kumi na moja jioni, magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa juu ya magogo, nikakanyaga. Ikakohoa, ikapiga mara mbili, ikashika. Moshi mweupe kidogo, kisha safi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Sitaisahau sauti ile.

Dakika ya 11 ikaanza kulegea, ikapoteza nguvu kama mtu anayeishiwa pumzi, ikazima. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Tulipoiacha robo tatu ya saa ikawaka kama haikuwa na tatizo. Dakika 12, ikazima.

Jumapili, 13 Aprili

Siku nzima imeliwa na tatizo hilo na sijalipata. Nitaandika nilichofanya ili atakayesoma asirudie.

Kwanza nilidhani tangi halipumui. Kifuniko kikiziba tundu lake la hewa, petroli ikishuka tangini hewa haiingii, na pampu inashindwa kuvuta. Dalili zinafanana kabisa: inakwenda dakika kadhaa, inazima, ukisubiri inawaka. Nimeendesha kifuniko kikiwa wazi. Dakika 11, kimya.

Kisha nikafungua kabureta mara ya pili. Safi. Nikalegeza skrubu ya kumwagia petroli chini ya bakuli la kabureta mara tu injini ilipozima: petroli ilitoka tele. Mafuta yapo.

Nilipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, asubuhi kabla ya kuwasha, nikapata psi 110. Kwa injini ya umri huu nikaona si mbaya, nikaandika "kompresheni sawa" na kupiga mstari. Hapo ndipo nilipopotea, ingawa siku hiyo sikujua. Nimerudi Mombasa na matatu ya usiku nikiwaza koili, kwa sababu wengi husema koili ikichoka hufa ikipata joto. Bei ya koili kutoka Marekani pamoja na usafiri inakaribia robo ya bei ya kigari.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikukuu ya Ijumaa Kuu, nipo nyumbani. Baada ya swala ya Ijumaa nimekwenda kumtafuta Ami ufukweni. Ami yangu amefungua na kufunga mashine za boti hapa Takaungu tangu sijazaliwa, zile Yamaha za wavuvi, na sasa macho yamepungua lakini watu bado wanamletea mashine aisikilize.

Nimemwamkia, nimemweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, hivyo vipimo ulivipima mashine ikiwa ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi, Ami. Asubuhi."

"Basi umempima mgonjwa homa ikiwa imeshuka."

Tukarudi naye. Akataka niwashe, niendeshe mpaka izime, na vifaa vyote viwe tayari kwenye gunia kwa mpangilio: spana ya plagi, plagi ya akiba, geji, kijiko cha oili, glavu. Ikizima tuwe na dakika tatu, si zaidi, kabla ya joto kushuka. Kumbe hilo ndilo lililonikosesha Jumapili. Nilikuwa nazima, nachukua spana ndani, narudi, nafungua taratibu, na wakati huo injini inapoa na ushahidi unaondoka na joto.

Dakika ya 11 ikazima. Plagi ya akiba ikagusishwa: cheche ya buluu, kali. Koili haina neno, na nimeshukuru kwamba sijaiagiza. Skrubu ya bakuli: petroli ipo. Nikachomoa plagi kwa glavu, Ami akakunja kitambaa kwenye kidole gumba, akakiweka juu ya tundu, akaniambia nikanyage. Mashine nzima hukisukuma kidole mpaka kikatoka. Hii ilipumua tu, kama mtoto anayepuliza chai. Geji ikasema psi 40.

Tukaweka kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima tena. Kipimo hiki ni cha zamani na bado ni kizuri: oili ikizunguka pistoni inaziba nafasi ya ringi, pete za pistoni, kwa muda, kwa hiyo kama upepo unapotea kwenye ringi, geji itapanda sana. Ilipanda hadi 45 tu. Upepo haupotei chini. Unapotea juu, kwenye valvu.

Ami akakaa kwenye mzizi wa mwembe, akaomba maji. "Valvu yako haifungi ikipata joto," akasema. "Fungua kifuniko kesho, ikiwa baridi. Utaona."

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeona.

Tapeti, yaani mwanya wa valvu, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, valvu zote mbili zimefunga. Kati ya roka, mkono unaoisukuma valvu, na mwisho wa valvu lazima pabaki mwanya mdogo. Vyuma vikipata joto vinarefuka, na mwanya huo ndio unaoipa valvu nafasi ya kurefuka bila kukaliwa na roka. Upande wa kuingiza hewa fila (ubapa wa kupimia mwanya) ya 0.10 mm ilipita kwa taabu. Upande wa ekzosi hata fila yangu nyembamba kuliko zote, 0.04 mm, haikuingia. Roka haikutikisika hata kidogo. Valvu ya ekzosi ndiyo inayopigwa na moto mkali kuliko zote, na miaka ikipita huchimba kiti chake na kuzama, na kadiri inavyozama mwanya wa juu unakwisha. Asubuhi inafunga, kwa shida. Ikishapata joto inarefuka, roka inaikalia, inabaki wazi unywele mmoja, na unywele huo unatosha kumwaga mgandamizo wote kwenye ekzosi. Ikipoa, inafupika, inafunga tena. Ndiyo hizo dakika 11.

Nimeweka zote mbili karibu 0.13 mm. Ukikaza nati ya kufungia, skrubu hupenda kuzunguka nayo, kwa hiyo nilipima tena kila baada ya kukaza, na ya ekzosi nilirudia mara nne.

Baridi: psi 120. Nikaendesha. Dakika 11 zikapita, Mama akiwa amesimama na simu yake akihesabu. Kumi na tano. Ishirini. Dakika ya 26 ikaanza kulegea. Haikuzima, lakini ukikanyaga sana inalemewa. Ya moto: psi 80.

Nusu ya njia. Nimefurahi, na papo hapo najua kazi ya hatari ndiyo inayoanza.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka, bado nipo. Nimetaka kuwa na hakika kabla ya kufungua silinda hedi, kwa sababu ukishaifungua gaskiti yake haifai tena, na hapa Pwani sijaiona dukani.

Fundi wa pancha pale njia panda ana kompresa. Nimechukua plagi ya zamani, nikaivunja kauri yake, na fundi wa welding akaunganisha vali ya tairi juu ya ganda la chuma. Ukiifunga kwenye tundu la plagi unaweza kujaza upepo ndani ya silinda kama unavyojaza tairi. Pistoni iwe juu kabisa, valvu zimefunga, na mtu ashikilie klachi imara kwa spana, kwani upepo unaweza kuizungusha injini ghafla na kuvunja kidole. Nilimwambia binamu akae mbali na mkanda.

Nikajaza psi 40, nikasikiliza sehemu tatu. Kwenye tundu la kupimia oili kulikuwa na pumzi ndogo, na hiyo ni ya kawaida kwa ringi za umri huu. Mdomo wa kabureta: kimya. Nikainama nyuma kwenye ekzosi: ssssss, wazi kabisa, hata Mama aliisikia kutoka alipokuwa anapeta mchele.

Gaskiti nimeiagiza Marekani usiku huuhuu, ya silinda hedi na ya kifuniko cha valvu. Muuzaji anasema wiki mbili hadi tatu.

Jumamosi, 26 Aprili

Masika yamekaza. Tumefunga turubai kwenye mwembe, tukakisukuma kigari chini yake.

Bolti mbili za bati la kuelekeza upepo zilikataa kutoka. Kutu ya chuma ndani ya alumini huvimba na kushika kama saruji. Nilizipaka mafuta ya kulegeza kutu tangu Jumatatu, leo nikazigonga kichwa kidogo kidogo kwa nyundo, nikazipasha moto, nikazipindua robo mbele, robo nyuma. Moja imetoka. Ya pili imekatika, lakini imebaki kipande cha kushika kwa playa, kikatoka. Saa mbili kwa bolti mbili.

Chini ya hilo bati nikakuta jambo ambalo sikulitarajia: mapezi ya silinda yamejaa mchanga na nyuzi za makuti zilizosokotwa na panya, upande uleule wa ekzosi. Injini inayopozwa kwa upepo haina maji wala redieta, na upepo usipopita kwenye mapezi hayo joto halina pa kwenda. Naamini hapa ndipo ilipoanzia safari yote ya valvu hii. Nimesafisha kila pezi kwa kijiti cha mnazi.

Silinda hedi imetoka. Pistoni juu nyeusi lakini haina mkwaruzo, na ukuta wa silinda bado una mistari yake. Valvu ya kuingiza safi. Ya ekzosi, nilipoitoa kwenye springi yake, ukingo wake ulikuwa na madoa kama ndui, na sehemu moja ya upana wa punje ya mchele moto ulishaanza kujichimbia njia.

Ami amekuja. Akaipitisha kidole ukingoni, akafumba macho.

"Hii inasagika. Ingekuwa imepinda ningekwambia utupe."

Tumeisaga kwa mkono, kwa pesti yenye chembe kubwa kwanza kisha ya chembe laini, na kijiti chenye kinyonyeo cha mpira kichwani. Unakizungusha kati ya viganja kama anayepekecha moto, unainua, unageuza kidogo, unaweka tena. Sauti ndiyo inayokuongoza. Mwanzo inakwaruza, chembe zikishasagika inakuwa laini, unafuta, unaweka pesti nyingine. Ami aliniambia nisibonyeze, uzito wa mkono unatosha. Baada ya saa nzima ukaonekana mstari wa kijivu, mwembamba, umezunguka bila kukatika.

Jaribio lake si la geji. Valvu ikiwa mahali pake na springi imerudi, unamimina mafuta ya taa kwenye njia ya ekzosi na kutazama upande wa chini. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji hayapiti. Mara ya kwanza dakika ya tatu pakatokea jasho upande mmoja. Tukarudi kusaga, pesti laini peke yake. Mara ya pili dakika kumi zikapita, pakavu. Ami akalamba kidole, akakipitisha, akakitazama. Pakavu.

Nimevisafisha vyote kwa petroli na sabuni mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu chembe moja ya pesti ikibaki ndani itaendelea kusaga pistoni na silinda.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Gaskiti haijafika. Nimefungua stata: kaboni mbili kati ya nne zilikuwa zimebaki fupi kama ukucha. Nimeweka mpya. Mkanda nao umekazwa, ulikuwa ukiteleza na kulia kila inapowaka.

Jumamosi, 3 Mei

Haijafika. Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Gaskiti imefika Alhamisi, nimekuja nayo kwenye mkoba kama yai.

Nyuso mbili za kukutana zimefutwa mpaka kitambaa cheupe kimebaki cheupe. Nimekaza bolti za silinda hedi kwa msalaba, kwa hatua tatu, kila hatua nikipumzika. Alumini haipendi haraka. Ukikaza upande mmoja kwanza inapinda, na upepo utapitia hapo maisha yake yote. Tapeti upya, 0.13 mm pande zote mbili. Bati la upepo limerudi, safari hii bolti zimepakwa grisi ya shaba ili fundi wa baada yangu asiteseke.

Psi 150, baridi.

Ikashika kwa mguso wa kwanza. Mlio umebadilika, una kifua. Nikaiacha izunguke nusu saa magurudumu yakiwa hewani, Ami amekaa mbele yake na fimbo yake akiisikiliza kama anavyosikiliza mashine za boti. Dakika ya 11 nilijikuta nimekaza meno. Ya 26 pia. Ya 30 nikaondoa mguu, ikazima kwa sababu nimeizima mimi, nikachomoa plagi kwa glavu mbio mbio kama tulivyofanya Ijumaa Kuu.

Psi 145, ya moto.

Ami aliniomba nirudie kuisoma, kwa sauti. Kisha akasema twende tukaswali Alasiri.

Jumapili, 11 Mei

Safari ya kwanza ya bombani. Mitungi minane, yaani kilo 160 za maji, mimi nikiendesha na Mama pembeni. Alikataa kubaki nyumbani. Kwenye kilima cha baada ya msikiti injini ilishuka sauti lakini haikulegea, klachi zikajirekebisha zenyewe, tukapanda. Mama alishika kifuniko cha mtungi mmoja kilicholegea njia nzima ili maji yasimwagike. Tulipofika alishuka kwa goti la kulia kwanza, akaniuliza kama kesho binamu anaweza kumpeleka kwa dada yake Kibaokiche. Nimemwambia asiende barabara kuu, kigari hiki hakina taa wala namba, kikae kwenye njia za ndani tu. Kwa dada yake kuna njia ya ndani.

Jumamosi, 17 Mei

Binamu amekiendesha wiki nzima na kuandika kwenye daftari: safari 14, petroli lita 6, hakijazima njiani hata mara moja. Nimefungua kifuniko cha valvu kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu valvu iliyosagwa hujikalisha siku za mwanzo na mwanya unaweza kupungua. Wa kuingiza: 0.13 mm, umebaki vilevile. Wa ekzosi: fila ya 0.10 imepita, ya 0.13 imekataa. Nimeurudisha 0.13, nimekaza, nimepima tena. Nitaufungua tena baada ya mwezi.

Breki ya nyuma kulia inashika nusu. Kebo yake imeanza kukatika nyuzi pale inapopinda, na hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi ijayo, kabla nazi hazijaangushwa.